Rangi ya Tatu

Nina miaka ishirini na minne ndani ya jedwali,
kampuni mia mbili na sita,
safu ya mtaji ulioingia, safu ya ajira, safu ya kodi
ambayo aghalabu ni sifuri.
Kila kampuni nimeipa namba badala ya jina.
Ndivyo tulivyofunzwa: namba haina jamaa.

Matokeo yalipendeza, nasema bila haya.
Mtaji wa kigeni ukitangulia, pato lilifuata nyuma
kama mtoto aliyeshika pindo la kanga ya mamake,
na kando ya kigezo zikasimama nyota tatu,
nyota za wachumi, zisizoangaza mtu njia.
Pale Miritini, kwenye ploti moja,
kampuni tatu zilizaliwa, mbili zikafa.
Nikaandika: *soko linapumua.*
Nikaipenda sentensi ile, nikaisoma kwa sauti.

Ploti moja, lakini. Nikadhani karani kakosea.

Jumanne nikaenda kuhakiki.
Langoni palikuwa na ngazi, juu ya ngazi Chivatsi,
kopo la buluu limening'inia kidoleni,
arudishia herufi iliyoliwa na chumvi.
Nikamsomea majina matatu.
Akacheka hata ngazi ikatikisika.
"Hayo yote nimeyaandika mimi. Ubao ni huu."

Akatoa kisu, akakwangua pembe:
chini ya buluu kijani,
chini ya kijani nyekundu iliyopauka kama ulimi wa mgonjwa.
"Msamaha wa kodi ukibakisha mwezi, waniita.
Cherehani hazisogei hata shubiri.
Bawabu ni yule yule.
Aliyekufa ni mbwa tu."

Saa saba kengele ikalia, Mejumaa akatoka
na viazi vya karai kwenye gazeti.
Ashona mifuko ya suruali,
mifuko ya watu asiowajua watatia nini.
Ameachishwa mara mbili, ameajiriwa mara tatu,
kiti kile kile, sindano ile ile,
na kila mara mshahara wa mwanagenzi.
"Barua yangu yasema nina uzoefu wa mwaka mmoja na nusu,"
akasema, akifuta pilipili vidoleni,
vidole vilivyoanza kazi mwanawe akinyonya.
Mwanawe sasa ana ndevu.

Mimi nilimhesabu watu watatu.
Nilimwita *ajira mpya.*

Ofisini mjini, bwana mwenye tai alinitilia kahawa:
"Daktari, mkono mtupu haulambwi."
Kweli. Nami sikuja kubishana na wahenga.
Nikamuuliza tu, mbona mkono huu
twaupaka asali upya kila mwaka wa kumi
na ulimi ni ule ule?
Na mbona mshirika wa hapa, kwenye faili zote tatu,
ana sanduku moja la posta?
Akatazama saa. Akasema kikombe changu kimepoa.

Usiku, chumbani Tudor, umeme ukienda ukirudi,
nikaunganisha mistari mitatu kuwa mmoja.
Haikuwa kazi, vidole viwili tu.
Nyota moja ikazimika.
Msimamizi wangu akaandika kutoka mbali:
*Ziondoe hizo. Mia mbili na tatu zinatosha.*
Angalikuwa sahihi, kama ningejua
kwamba ni hizo tu.

Maana kigezo changu hakikusema uongo.
Kilipima vizuri sana, kwa makini, kwa miaka ishirini na minne,
bei ya rangi.

Nikampigia Chivatsi. Nilisikia redio, na brashi
ikigongwa ukingoni mwa kopo.
"Mzee, umeandika malango mangapi namna hiyo?"
Akanyamaza, kama mtu ahesabuye ngazi gizani.
"Ya Changamwe pekee," akauliza,
"au nikupe na ya Jomvu?"